Salim na Baba Yake: Ya Sinema na Ya Tarikhi

Ni chache picha za sinema za Bara Hindi zilizowaliza wazee na vijana kama "Mughal-e-Azam", iliyotoka Bombay tarehe 5 Agosti 1960. Mtengenezaji wake, K. Asif, aliishughulikia zaidi ya miaka 10, na kugawanyika kwa Bara Hindi mwaka 1947 kulimpotezea tajiri wake wa kwanza, aliyehamia Pakistan. Mwaka 2004 ilitiwa rangi yote ikaonyeshwa upya. Kiurdu kilichomo chastahili kusikilizwa kwa makini. Ama ngoma na mavazi, kila mwenye nyumba ajua mpaka wake, wala hatukukusudia hayo. Lililotusukuma kuandika ni kuwa vijana huitazama picha hii wakidhani wanasoma tarikhi ya wafalme wa Kiislamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Salim, mwana wa Mfalme Akbar, arejea kutoka vitani akampenda Anarkali, mjakazi mchezaji wa jumba la kifalme. Baba akataa katakata. Mwana ainua upanga, ashindwa, ahukumiwa kufa. Anarkali ajitoa ili Salim apone, na hukumu yake yeye ni kujengewa ukuta angali hai. Mwishowe Akbar akumbushwa ahadi aliyompa mama wa binti huyu siku Salim alipozaliwa. Amwachia kwa siri apite njia ya chini ya ardhi, kwa sharti kuwa Salim asijue kamwe kwamba yu hai. Basi baba aridhia kuitwa dhalimu na mwanawe umri wake wote.

Aliyeitunga sehemu hiyo alikuwa na akili. Walakini twauliza: kadhi yuko wapi? Mizani kubwa ya uadilifu imewekwa katika baraza la mfalme, ilhali yeye peke yake ndiye mshitaki, ndiye hakimu, ndiye msamehevu. Sheria yetu haijui adhabu ya kumzika mtu hai. Uislamu ulipokuja Arabuni uliwakuta watu wakiwazika mabinti zao, ukawakataza.

Tukija kwenye tarikhi, Anarkali hatajwi katika kitabu cha Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, wala Salim mwenyewe hakumtaja katika khabari za maisha yake alizoziandika baada ya kutawala kwa jina la Jahangir. Miongoni mwa wa kwanza kuandika fununu hizo ni Mwingereza William Finch, aliyefika Lahore mwaka 1611, na kwa maneno yake mwanamke yule alikuwa mmoja wa wake za Akbar! Kisa tukijuacho kilienea kwa mchezo wa kuigiza alioutunga Imtiaz Ali Taj mwaka 1922, na humo ndimo picha ilimochukuliwa.

Ugomvi wa baba na mwana ulikuwa wa kweli, ila walichogombea ni kiti. Salim aliasi akajiwekea baraza lake Allahabad. Mwaka 1602 Abul Fazl aliuawa njiani kwa amri yake, na jambo hilo alilikiri kwa kalamu yake mwenyewe. Baadhi ya wakubwa wa dola walitaka Akbar arithiwe na mjukuu wake Khusrau, mwana wa Salim, ampite baba yake.

Hapa ndipo penye kilio kisichohitaji kutungwa. Man Bai, mke wa kwanza wa Salim na mama yake Khusrau, alimnasihi mwanawe asigombane na baba yake, asisikilizwe. Akala afyuni akafa. Mumewe ameandika kuwa alikaa siku 4 bila ya kula wala kunywa kwa huzuni.

Akbar alifariki Oktoba 1605. Salim akatawala, akatundika mnyororo wa dhahabu wenye kengele 60 katika ngome ya Agra ili kila aliyedhulumiwa auvute. Mwaka uliofuata Khusrau aliasi, akakamatwa, akaletwa Lahore kwa minyororo. Wafuasi wake wakatundikwa mitini kando ya njia naye akapitishwa kati yao. Baadaye baba yake aliamuru apofushwe. Alifariki mwaka 1622, na kaburi lake liko Allahabad, katika bustani moja na kaburi la mama yake.