Rangi Zilianza Unguja, Bara Ikasubiri Miaka 20

Vijana wetu wa hapa Ruanda, wilayani Mbozi, hushangaa wakiambiwa kwamba wazazi wao walifikia utu uzima bila kuiona televisheni. Hushangaa zaidi wakisikia kwamba miaka hiyohiyo ndugu zao wa Unguja na Pemba walikuwa wakiitazama, tena ya rangi. Nchi ni moja; ilikuwaje?

Chombo chenyewe kilizaliwa katika unyonge. John Logie Baird, Mskoti mwenye afya dhaifu na mfuko mtupu, alikiunda kwa kasha la majani ya chai, boksi la kofia, sindano za kushonea na lenzi za taa za baiskeli. Sahani yenye matundu ilizunguka ikiigawa sura ya mtu katika mistari 30 tu. Taa zake zilichoma mno, hata akawa anafanyia majaribio kichwa cha mwanasesere. Oktoba 1925 alimwita tarishi wa ofisi ya jirani, kijana William Taynton, amkalishe mbele ya mtambo. Kijana akalikimbia joto, na Baird akampa nusu krauni ili arudi. Huo ndio uso wa kwanza wa mwanadamu kuonekana wazi katika mtambo huo. Tarehe 26 Januari 1926 Baird aliwaonyesha wataalamu mjini London. BBC ilipoanza matangazo ya kudumu Novemba 1936, haikupita hata nusu mwaka mtambo wake ukawekwa kando, ukachukuliwa wa kielektroniki.

Afrika Mashariki, Kenya ilianza mwaka 1962 na Uganda 1963. Bara yetu haikufuata. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini, ikaiamini redio.

Mzee Abeid Karume wa Zanzibar alikuwa na rai nyingine. Aliuawa Aprili 1972 kabla mradi haujakamilika, na ni katika uongozi wa Mzee Aboud Jumbe ndipo Televisheni Zanzibar ilipoanza, mwaka 1973 kuelekea 1974. Ikawa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza 1976. Ili isiwe ya wenye nacho pekee, seti ziliwekwa katika vituo vya jamii vijijini, watu wakatazama kwa pamoja.

Mwaka huohuo wa 1973, Bara iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, kisha wakachimba vyoo. Sisi tulio mbali na pwani hatuwezi kuipuuza hoja hiyo. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka na milima huyazuia. Kituo cha Dar es Salaam pekee kisingetufikia, ilhali kodi ya kukijenga ingetoka kwetu pia. Lakini je, kungojea kulihitaji kuchukua miaka 20 kamili? Hapo tunaona Bara ilizidisha tahadhari.

Milango ilifunguliwa mwaka 1994 kwa vituo vya binafsi, ITV ikiwa miongoni mwao. Televisheni ya Taifa yenyewe ilikuja nyuma yao, muongo ukielekea kwisha.