Makanisa ya Zamani ya Ufaransa: Ni Nani Mwenyeji Wake?

Wengi wenu mlisikia habari za moto ulioteketeza paa la Notre-Dame, kanisa kuu la Bikira Maria mjini Paris, tarehe 15 Aprili 2019. Mlisikia pia kwamba lilifunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Lakini je, mmejiuliza ni nani aliyepaswa kulijenga upya? Askofu? Wakristu wa Paris? La. Mwenye nyumba ile ni Serikali ya Ufaransa, ambayo sheria yake yakataza kulipia dini yoyote. Ajabu hii yataka maelezo.

Katika Mapinduzi ya 1789 taifa lilitwaa mali yote ya Kanisa. Abasia ya Cluny, ambayo kanisa lake lilikuwa kubwa kupita yote ya Ukristu kabla ya kujengwa basilika ya sasa ya Mtakatifu Petro kule Roma, iliuzwa mwaka 1798, ikabomolewa, na mawe yake yakauzwa. Baada ya hasara za namna hiyo Serikali ilianza kuona haya. Mwaka 1834 ilimteua mwandishi Prosper Mérimée kuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Alipofika Vézelay akakaa kanisani kuchora, alisikia vijiwe vikidondoka kandokando yake. Mtu huyu hakuwa na imani, lakini ndiye aliyefanya bidii hata kanisa lile likaokolewa.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 9 Desemba 1905, iliyotenganisha Serikali na Kanisa. Makanisa yalitakiwa yakabidhiwe vyama vya waamini. Mwaka 1906 Baba Mtakatifu Pio X alivikataza vyama hivyo, kwa sababu havikulinda vema mamlaka ya maaskofu. Basi hapakuwa na wa kuyapokea. Makanisa ya vijijini yakabaki mali ya komuni, na makanisa makuu 87 yakabaki mali ya Serikali. (Majimbo ya Alsace na Moselle, yaliyokuwa chini ya Ujerumani wakati ule, hayakuguswa na sheria hii.) Tangu mwaka 1907 padri na waamini waruhusiwa kuyatumia bila kulipa kitu. Wakatoliki wa siku zile walisikitika sana, wala si bure. Hata hivyo, aliyenyang'anywa nyumba alitupiwa nje pamoja na mzigo wa paa lake! Leo Serikali haimlipi padri mshahara, ila yalipia mawe yaliyo juu ya kichwa chake.

Je, yalipa daima? Hapa ndipo penye shida. Sheria ya 1908 yasema kwamba Serikali na komuni zaweza kutoa fedha za kuyatunza makanisa. Zaweza, haisemi kwamba ni lazima. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 ina nguvu zaidi: jengo likiandikwa miongoni mwa majengo ya kihistoria, haliguswi bila kibali cha Serikali, nayo husaidia gharama. Lakini makanisa mengi ya vijijini hayakuandikwa.

Fikirini komuni ndogo yenye watu mia mbili na kanisa la karne ya 12. Kigae kimoja chavunjika. Kukibadilisha ni kazi ya asubuhi moja, lakini hakuna apandaye. Maji yaingia, mbao zaoza, na ukuta walowa. Baridi ikija, maji yaliyojificha ndani ya mawe yaganda na kuyapasua. Miaka ishirini baadaye fundi ataja bei inayozidi mapato yote ya komuni, na meya abaki kushika kichwa. Sisi tuliobeba matofali ya kanisa letu vichwani twajua jinsi paa livujavyo. Lakini maji kuganda ndani ya ukuta ni adui tusiyemjua. Huko Abbeville kanisa la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa katika karne ya 19, lilibomolewa mwaka 2013. Lile la Gesté lilibomolewa mwaka huohuo.

Kwa ajili ya Notre-Dame watu wapata 340,000, wa nchi kama 150, walitoa yuro milioni 846, na miti ya mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa. Kanisa la kijiji halina jina la namna hiyo. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2018 sehemu ya fedha za bahati nasibu ya taifa hutengwa kwa majengo ya kale, na mwaka 2023 ulianzishwa mchango maalum kwa nyumba za ibada za komuni ndogo.

Tena kuna kifungu kimoja cha sheria ya 1905 ambacho kila Mkatoliki wa kijijini huko angefaa kukijua. Ibada ikikoma kanisani zaidi ya miezi sita mfululizo, bila kizuizi kikubwa, kanisa laweza kuondolewa katika matumizi ya dini. Siku hizi askofu huombwa kwanza kibali chake kwa maandishi. Lakini mapadri ni wachache, na mmoja huweza kuwa na makanisa kumi au ishirini ya kuyazungukia.