Impreza Kuukuu: Wapi Ubane, Wapi Ulegeze Mkono

Subaru Impreza ya kizazi cha tatu, ile ya milango mitano iliyoingia sokoni Japani mwaka 2007, bado utaikuta kila kona ya Nairobi na Dar es Salaam. Bei ya kuinunua imeshuka sana. Kinachowatesa wenye nayo ni spea. Ukifika Kirinyaga Road au Gerezani ukaulizia kifaa kimoja kimoja, utadhani unaokoa pesa, kumbe gari la magurudumu manne yanayovuta limefungamana: ukibadilisha kimoja vibaya, utalipia na jirani yake.

Chukua matairi. Moja limepasuka, matatu yaliyobaki yana kashata ya milimita 3. Muuzaji atakushauri ununue moja jipya, na kwa gari linalovuta kwa mbele peke yake, likifungwa nyuma, ushauri huo unavumilika. Kwa Impreza inayovuta kwa magurudumu yote manne piga hesabu kwanza. Tairi jipya la 205/55R16 lina mzunguko wa takriban milimita 1,985. Kashata ikilika milimita 5, mzunguko hupungua kwa milimita 31 hivi. Kiwango cha Subaru ni tofauti isiyozidi robo inchi, yaani milimita 6.4, sawa na kulika kwa milimita moja tu! Katika kila kilomita moja tairi jipya litazunguka mara 504, lililolika mara 512. Ukiendesha hivyo kutoka Nairobi hadi Mombasa, tofauti inakaribia mizunguko 4,000. Anayeibeba ni difu ya kati kwenye gari la gia za mkono, au klachi inayopeleka nguvu nyuma kwenye otomatiki. Vyote viwili viliundwa kuvumilia tofauti ya kukata kona, si ya safari nzima. Dalili utaiona ukigeuza usukani hadi mwisho kwenye maegesho: gari linajifunga na kuruka-ruka kama limepigwa breki.

Kwa hiyo bei ya kulinganisha si tairi moja dhidi ya manne. Ni manne dhidi ya moja pamoja na matengenezo ya gia boksi. Kama yaliyobaki bado yana kashata nzuri, tafuta lililotumika la saizi na aina ileile, ulipime mwenyewe kwa rula, na usome tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Yakiwa yamefika milimita 3, nunua manne, kisha uyabadilishane nafasi kila kilomita 10,000 hivi ili yalike sawa.

Gia boksi yenyewe ina mtego wake, na huu huumiza zaidi. Difu ya mbele imo ndani ya gia boksi, na uwiano wa meno yake lazima uendane na difu ya nyuma. Kuna za 4.444 na kuna za 4.111, na ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukifunga isiyolingana, mbele na nyuma zinagombana tangu mita ya kwanza barabarani. Ukinunua gia boksi iliyotoka Japani, chukua na difu ya nyuma ya gari hilohilo. Kama fundi anasisitiza kwamba "zote za Impreza ni moja", mwombe akuonyeshe msimbo wa gia boksi kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, na aulinganishe na wa hiyo mnayonunua.

Mkanda wa taimingi sitaujadili sana, maana hauna mjadala. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugonga pistoni. Wota pampu huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo pesa ya ufundi ni ileile ukifungua mara moja. Lipa seti nzima: mkanda, tenshena, puli na pampu. Anayeweka mkanda mpya juu ya puli zinazolia ameahirisha gharama tu.

Uamuzi mgumu ni gari likichemsha na gasketi ikaungua. Injini hii bapa ina silinda hedi mbili, na mafundi wengi huishusha injini nzima ili kuzifikia. Ufundi wa kuishusha ndio uleule wa kuweka injini nyingine, ndiyo maana watu hukimbilia injini ya mtumba. Mimi ningetengeneza yangu, mradi hedi zimepimwa na kusawazishwa, gasketi zote mbili ni mpya na bloku haijapinda. Injini ya mtumba inanishawishi pale tu bloku imeharibika, na hata hapo ningeifunga mkanda na sili mpya ikiwa bado chini, kabla ya kuingia kwenye gari. Kumbuka pia namba ya injini iko kwenye kumbukumbu za usajili. Ikibadilika, NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania wajulishwe, la sivyo utakwama siku ya kuuza.

Taa, vioo vya pembeni, milango, bampa na viti chukua mtumba bila wasiwasi. Mara nyingi ni bora kuliko nakala mpya za bei rahisi. Bushi na bolijointi nunua mpya, kwa sababu mpira wa mtumba umezeeka hata kama gari ulikotoka halikutembea sana.