Sanaa Isiyoonekana Mpaka Mwisho

Mchoraji wa turubai huiona picha yake muda wote anapoifanya. Akikosea jicho, analiona kosa papo hapo na kulirekebisha. Uchapaji wa sanaa, upigaji picha kwa filamu na sanaa ya kielektroniki haviendi hivyo. Katika fani hizi tatu msanii haigusi picha ya mwisho. Anashughulika na kitu kingine kitakachoizaa: ubao uliochongwa, negativu, au saketi na programu inayoiendesha. Kazi kubwa ya mwalimu wa karakana ni kumfundisha mwanafunzi kukisoma hicho kitu cha katikati kabla matokeo hayajatoka. Kusoma huko hakupatikani kwa video za mafunzo peke yake, kwa sababu video haioni kilichopo mezani kwako.

Tuanze na uchapaji, kwa kuwa ndio unaodai vifaa vichache. Mwanafunzi hupewa kipande cha linoleamu, ile iliyovumbuliwa Uingereza miaka ya 1860 kwa ajili ya kufunikia sakafu, pamoja na patasi ndogo zenye ncha za V na U. Anachokichonga hubaki cheupe; anachokiacha ndicho kinachoshika wino. Muhuri wa mpira wa ofisi ya serikali ya mtaa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kila kitu hutoka kimegeuzwa, cha kulia kikawa kushoto, hivyo herufi sharti zichongwe kinyume. John Muafangejo wa Namibia alitia maneno na sentensi nzima ndani ya chapa zake za linoleamu, na kila herufi ilimlazimu kuichonga ikiwa imegeuka. Yeye alisomea Rorke's Drift, Afrika Kusini, kituo kilichoanzishwa 1962 na Peder na Ulla Gowenius kutoka Sweden chini ya Kanisa la Kilutheri.

Baada ya kuchonga huja wino, na hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu kazi nzuri. Wino hutandazwa juu ya kioo kwa rola. Ukizidi, rola hunata na kutoa mlio mzito wa kubanduka, na uso wa wino huwa na vinundu kama ganda la chungwa. Ukiwa wa kutosha, mlio hupungua ukabaki mchakacho mwembamba, na uso unatulia. Mwalimu mzoefu aliye upande wa pili wa chumba husikia wino uliozidi kabla hajauona. Wino huo ukipita hivyo hivyo, utajaa kwenye mistari myembamba na kuifuta. Mwanafunzi akishaujua mlio ule kwa sikio lake, hahitaji tena kuambiwa vijiko vingapi vya wino.

Hatua inayofuata ni kuchapa rangi nyingi kwa ubao mmoja, mbinu ambayo Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwayo. Unachapa kwanza rangi nyepesi kwenye karatasi zote, unaurudia ubao na kuchonga zaidi, unachapa rangi inayofuata juu ya ile ya kwanza, na kuendelea. Kila hatua inaula ubao. Ukitaka nakala 20, lazima uanze na karatasi zaidi ya 20, kwa sababu zitakazoharibika njiani hazina mbadala: ubao wa rangi ya kwanza haupo tena. Mtu anayejifunza hivi hulazimika kuiona picha yote kichwani kabla ya kukata mkato wa kwanza.

Kwenye filamu, kitu cha katikati ni negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambamo palipopata mwanga huwa peusi. Wasomaji wa umri fulani wanakumbuka kupeleka mkanda wa picha 36 studio na kurudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha zilizosafishwa. Unguja, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga picha za harusi, familia na viongozi kwa miongo mingi kwa njia hiyo. Darasani, mwanafunzi hufanya mwenyewe kile kilichokuwa kikifanyika nyuma ya pazia la studio.

Filamu ina fuwele ndogo za chumvi za fedha. Zilizopigwa na mwanga hazibadiliki kwa macho, lakini zikiingia kwenye dawa ya kusafishia hugeuka fedha nyeusi. Dawa ya pili huondoa zile ambazo hazikuguswa na mwanga, na picha inadumu. Yote hayo hutegemea muda na joto. Filamu ya Ilford HP5 Plus, ikisafishwa kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, huhitaji dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Joto likipanda, muda hupungua. Katika miji ya pwani maji ya bomba huwa moto kuliko hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo beseni lenye mifuko ya barafu na kipimajoto ni vifaa vya lazima, sawa na dawa yenyewe.

Negativu ikitoka imepauka, mwanafunzi huuliza: nimekosea kwenye kamera au kwenye dawa? Jibu liko pembeni mwa filamu. Kiwandani huwa wamechapa kwa mwanga namba na jina la filamu kwenye ukingo wake. Namba hizo zikiwa nyeusi na wazi huku picha zikiwa zimepauka, dawa ilifanya kazi. Kamera ndiyo iliyopata mwanga mdogo. Namba nazo zikiwa zimefifia, kosa liko kwenye dawa: imechoka, ilikuwa baridi, au muda haukutosha. Ukingo ambao wengi huupuuza unamaliza ubishi kwa sekunde chache.

Kutoka negativu hadi karatasi kuna jaribio jingine. Chini ya taa nyekundu, kipande cha karatasi ya picha hufunikwa kwa kadi inayosogezwa kidogo kidogo, sehemu moja ikipata mwanga wa sekunde 5, nyingine 10, nyingine 15, nyingine 20. Kikishasafishwa, unachagua sehemu iliyo sawa, ndipo unatumia karatasi nzima. Karatasi ni ghali. Kipande cha jaribio si ghali.

Sanaa ya kielektroniki inaonekana kuwa mbali na hizi, lakini mwendo wake ni ule ule. Mwaka 1965 Nam June Paik aliweka sumaku kubwa juu ya runinga, na mistari ya mwanga kwenye kioo ikapinda. Hakuigusa picha, aligusa kinachoiunda. Leo wanafunzi wengi huanza na Arduino, bodi ndogo iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wabunifu na wasanii wasio wahandisi waweze kuunganisha sensa, taa na mota kwa bei nafuu.

Zoezi la kawaida ni taa inayofifia mtu anapoikaribia. Sensa ya mwanga huunganishwa na bodi, na bodi hugeuza mwanga kuwa namba kati ya 0 na 1023. Mwanafunzi mwenye haraka huandika programu nzima, anawasha, na taa haifanyi kitu. Mwalimu atamwambia kwanza azionyeshe namba hizo kwenye skrini, kisha apitishe mkono juu ya sensa na kuangalia zinavyoshuka. Hapo anagundua kwamba kiwango alichokipanga asubuhi hakifai jioni, kwa kuwa chumba chenyewe kimebadilika mwanga. Namba zisiposogea kabisa, anachukua mita kama fundi redio yeyote na kupima waya mmoja mmoja. Somo hilo ni lile la ukingo wa filamu: kabla ya kurekebisha, jua kosa liko hatua gani.

Kwa hiyo anayetafuta darasa asianze kwa kuuliza ukubwa wa mashine. Linoleamu huchapika kwa mgongo wa kijiko. Aulize mambo matatu. Je, nitarudia kazi moja mara ngapi? Darasa linalotoa chapa moja na kukuaga limekuburudisha tu. Je, usalama ukoje? Patasi huelekezwa mbali na mkono ulioshika ubao, chumba cha dawa kinatakiwa kuwa na hewa inayopita, na mikono huoshwa baada ya kulehemu waya kwa risasi. La tatu ndilo linalofichua mengi zaidi: naomba kuona majaribio yaliyoharibika ya wanafunzi, pamoja na maelezo ya kwa nini yaliharibika. Mwalimu anayekuonyesha kazi zilizofanikiwa peke yake bado hajakuonyesha anavyofundisha.