KUJIFUNZA KUPIGA PICHA: TAZAMA YA MWENZAKO, KISHA IULIZE YAKO

Ndugu mkazi wa kambi,

Wengi mmetuuliza kuhusu darasa la picha linalofanyika katika kituo cha vijana. Swali la kwanza huwa: "Kamera ziko ngapi?" Jibu ni kwamba ni chache. Tunatumia simu, na simu moja ni ya watu watano. Katika saa mbili za darasa kila mwanafunzi huishika kwa dakika kumi tu. Muda unaobaki tunautumia kutazama picha tulizopiga na kuzizungumzia. Baadhi ya wazazi wanaona huo ni muda unaopotea. Karatasi hii inaeleza kwa nini kazi kubwa ya kujifunza hufanyika hapo.

KWA NINI TUTAZAME PICHA ZA WENZETU?

Ukitazama picha uliyopiga mwenyewe, unakumbuka mengi: jua lilivyokuwa, kelele za watoto, maneno mliyocheka. Hayo yote yamo kichwani mwako, lakini hayamo katika picha. Mwenzako ambaye hakuwepo anaona kilichomo tu. Kwa hiyo atakuambia usiyoyaona: mti umeota juu ya kichwa cha baba, miguu ya mtoto imekatwa, ndoo iliyo mbele inavuta macho kuliko mtu.

Wewe nawe unafaidika unapotazama yake. Mlikuwa uwanja mmoja, saa moja, na simu moja. Kwa nini yake inakufanya usimame na kuitazama? Labda alichuchumaa akawa sawa na macho ya mtoto. Kesho nawe utachuchumaa.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Mwaka 1997, huko Mathare, Nairobi, vijana 31, wavulana kwa wasichana, walipewa kamera za plastiki za bei ndogo wapige picha za maisha yao. Mradi huo uliitwa Shootback. Uliongozwa na mpiga picha Lana Wong pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, na mwaka 1999 picha zao zilitoka katika kitabu. Huko Rwanda, mwaka 2000, watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi walianza kupiga picha kwa kamera za kutumia mara moja. Picha zilibandikwa katika kuta za kituo, kila mmoja akaziona.

Wakati huo mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 24 au 36, basi. Mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo simu inaweza kupiga picha mia kwa asubuhi moja bila gharama, na nyingi hazitazamwi tena. Ndiyo maana katika darasa letu kila mtu huchagua picha moja tu ya kuonyesha.

HATUA NNE ZA KUTAZAMA

1. Nyamaza kwa dakika moja. Tazama pembe zote nne za picha, siyo katikati tu.

2. Sema unachokiona. "Naona mama, mtungi wa njano, kivuli kirefu." Usianze na "nzuri" wala "mbaya". Neno "nzuri" linafurahisha, lakini mwenye picha haondoki na kitu cha kufanyia kazi.

3. Uliza. "Kwa nini ulisimama mbali?" "Ulitaka nitazame nini kwanza?"

4. Mwenye picha azungumze mwisho. Akizungumza mwanzo, wote mtaona alichosema, na hamtaona alichopiga.

Sheria yetu ni kwamba tunaizungumzia picha, hatumzungumzii mtu. Anayecheka kazi ya mwenzake husubiri zamu yake mwisho.

MFANO: MAMA KWENYE BOMBA LA MAJI

Tuseme umempiga picha mama akichota maji saa sita mchana. Wenzako wanasema: "Tunaona anga jeupe, lakini uso wa mama ni mweusi, hatumtambui." Sababu ni hii. Simu hupima mwanga wa eneo lote. Nyuma ya mtu kukiwa na anga kali, simu nyingi hupunguza mwanga, na uso unaingia gizani. Zunguka ili jua liwe mgongoni au ubavuni mwako. Au gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili simu ipime mwanga wa hapo.

Tena, kwetu huku karibu na ikweta, jua la saa sita liko utosini. Linatia kivuli machoni pa mtu. Nenda saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Kama ni lazima mchana, mwombe asogee kivulini au mlangoni mwa nyumba.

Kama wenzako wanasema "yuko mbali", usikuze picha kwa vidole. Simu nyingi hukata tu kipande cha picha na kukipanua, nacho kinakuwa na ukungu. Sogea kwa miguu. Kama wanasema "imetikisika", shika simu kwa mikono miwili na bana viwiko kifuani.

DAFTARI LAKO

Baada ya maoni, rudi kwenye picha yako peke yako. Andika mistari mitatu:

- Nilitaka kuonyesha nini?
- Wenzangu wameona nini?
- Mara ijayo nitabadili nini?

Badili jambo moja tu kila mara. Ukibadili matano, hutajua ni lipi lililosaidia. Si lazima ukubali kila maoni. Ukiyakataa, andika sababu. Kama hujui kuandika, mwambie mwenzako akuandikie, au eleza kwa mdomo.

MWENYE SURA ANASEMAJE?

Mwanafunzi mmoja alileta picha ya mzee akiwa katika foleni ya chakula, shati limechanika, jua la asubuhi likimwangaza vizuri usoni. Darasa zima lilisifu mwanga. Kisha dada mmoja akauliza: "Mzee alijua unampiga?" Hakujua. Tulikubaliana kijana amfuate mzee na kumwonyesha.

Mzee aliitazama kwa muda, akasema: "Wajukuu zangu wakiniona hivi, watasema babu amekuwa nani?" Akaomba ifutwe. Ikafutwa mbele yake. Kisha akaingia ndani, akavaa kofia na koti, akasimama karibu na baiskeli yake, na kumwambia kijana apige. Picha hiyo haina mwanga mzuri kama ile ya kwanza, na gurudumu la nyuma limekatwa. Mzee ndiye aliyeomba nakala yake.

Wengi wetu tulikimbia bila hata picha moja ya wazazi wetu. Tunajua thamani ya sura iliyohifadhiwa. Lakini humu wapo pia watu ambao sura zao zikionekana mahali pengine, wanaweza kupata hatari, na si lazima wakueleze sababu. Picha ikishatumwa kutoka simu moja kwenda nyingine, huwezi kuirudisha. Kwa hiyo:

- Omba ruhusa kwanza. Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi.
- Mwonyeshe mtu picha yake. Akisema futa, futa.
- Usitume picha ya mtu bila yeye kukubali itumwe.
- Usipige polisi, ofisi wala sehemu za ugawaji bila kibali.

Katika darasa tumeongeza swali hili kwa kila picha ya mtu: angekuwa amekaa hapa nasi, angesemaje?

HUNA SIMU?

Unaweza kuanza leo. Kata tundu la mstatili katika kipande cha katoni, ukubwa wa simu. Litazame eneo lenu kupitia hapo. Sogea mbele, rudi nyuma, chuchumaa. Mpe mwenzako naye atazame, kisha mwelezane kila mmoja alichoona. Wanafunzi wetu wote huanza kwa katoni wiki ya kwanza.

Darasa ni la wote, vijana, kina mama na wazee. Kwa siku na saa, muone mfanyakazi wa jamii wa zoni yako. Njoo na daftari na kalamu.

Karibuni.