Urojo wa Maskati na vipimo visivyoandikwa

Jua likishazama na joto kupungua kidogo, pembezoni mwa barabara za Maskati huanza kufuka moshi wa mkaa. Iwe Al Khuwair au Seeb, utakuta magari yamejipanga na watu wanangojea mishkaki. Waomani huiita mishkak, na mtu wa Unguja hahitaji mkalimani. Tulipokwenda kununua tuliagiza kwa Kiarabu chetu cha kubabaisha, tukajibiwa kwa Kiswahili safi kuliko cha magazeti yetu.

Anayejua historia hashangai. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na watu wa pande mbili hizo wakaoleana. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawatawanya maelfu. Wengi hawakufika Omani moja kwa moja, kwani Sultan Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea. Walizungukia Misri, nchi nyengine za Ghuba na Uingereza. Mlango ulifunguka baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970. Mali zilikuwa zimebaki Unguja, lakini mapishi walikuja nayo kichwani.

Lakini mishkaki, tukiri, si kipimo kizuri. Nyama ya kuchoma iko kila mahali duniani. Kipimo ni urojo.

Unga wa ngano hukorogwa kwa maji na bizari ya manjano, ukachemshwa hadi uwe mzito wa wastani. Ukali wake hutokana na embe mbichi, ndimu au ukwaju. Humo hutiwa mbatata za kuchemsha, bajia na kachori, kisha juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Kila nyumba ina wake, na ugomvi hauishi. Wapo wanaoapa kwamba bila ya embe mbichi huo si urojo, ni uji wa manjano!

Tulikaribishwa jikoni na bibi mmoja anayeuza urojo na vitumbua kutoka nyumbani kwake. Aliyapokea mapishi kwa mama yake, ambaye naye hakuandika kitu. Nazi anapendelea za Salalah, ingawa huko ni kiasi cha kilomita elfu moja kutoka Maskati. Zikikosekana hutumia tui la unga, shingo upande. Tulipomuomba vipimo alicheka. Unga kiasi, chumvi kiasi, ndimu mpaka ulimi ukubali.

Mjukuu wake, binti wa chuo kikuu, halichukulii jambo hilo kwa mzaha. Ameshajaribu mara mbili peke yake, na mara mbili urojo ukaingia madonge. Sasa humrekodi bibi kwa simu, hatua kwa hatua, akiandika pembeni. Bibi husema kwa Kiswahili, yeye huandika kwa Kiarabu, maana Kiswahili anakielewa lakini kukiandika hawezi. Neno linalomtaabisha ni hilo hilo "kiasi". Asili yake ni Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni kupima, jambo ambalo bibi halifanyi kabisa.

Siku ile alipika wa tatu mbele yetu. Haukuingia madonge. Sisi, ambao Forodhani hatujaiona kwa miaka, tulimaliza mabakuli mawili mawili. Bibi alionja kijiko kimoja, akanyamaza, kisha akaisogeza ndimu.