Je, Wajua? Chapa Iliyofichwa Chini ya Gari

Atokaye Gongo la Mboto kwa njia ya Pugu kwenda Chanika hupita karibu na mnada mkubwa wa ng'ombe, na ikiwa hana haraka akashuka akatazama, ataona jambo ambalo wafugaji wa bara walilijua kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini: juu ya paja la mnyama pana alama iliyochomwa kwa chuma cha moto, na alama hiyo ndiyo shahidi wa mwenye mali, kwa kuwa rangi za manyoya hufanana, pembe huvunjika, na ng'ombe mwenyewe hana ulimi wa kumtaja bwana wake. Serikali nayo iliithamini hekima hiyo, ikatunga sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010. Ukiendelea na safari hata Chanika, chini ya miembe ambako mafundi wamefanya gereji zao, utayakuta magari ambayo nayo yamechapwa, ila chapa yao imejificha, na wengi wanaoyaendesha kila siku hawajapata kuiona kwa macho yao. Hiyo ndiyo namba ya chasisi, nami nataka kuieleza kwa urefu, kwa sababu mtu aliyeibiwa gari alilolipenda hana msaidizi wa kweli kuipita.

Mwivi wa gari hahitaji ujuzi mkubwa ili ageuze sura ya kitu alichokiiba. Kibao cha namba kimeshikwa kwa skrubu chache tu; rangi hubadilishwa kwa siku mbili; taa, viti, usukani na hata injini huhamishwa kutoka gari hadi gari. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua hilo vizuri, na ndiyo sababu utaona juu ya taa na vioo vya pembeni vya magari mengi namba ya usajili imekwanguliwa mfano wa chale, ili kioo kikiibwa usiku kisiuzwe asubuhi bila ya kumsuta muuzaji. Lakini chale hizo hulinda viungo tu. Gari lenyewe, yaani ile nafsi yake ambayo kadi ya gari inaitaja, limo mahali pengine.

Kipo kitendawili cha zamani cha jahazi lililobadilishwa mbao. Nahodha hung'oa ubao uliooza akatia mpya, mwaka baada ya mwaka, hata ikafika siku ambapo hapana ubao mmoja uliosalia katika zile zilizokuwamo chombo kiliposhushwa majini, na watu wakaendelea kukiita kwa jina lile lile. Katika magari silijui linalostahili mfano huu kuliko Landrova, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ambayo wapenzi wake katika nchi yetu ni wengi kiasi cha kwamba Oktoba 2024 mamia kwa mamia ya gari hizo, za zamani na za kisasa, zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Madhali Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua baada ya vita, bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na mabamba yake yakafungwa kwa bolti, hata fundi mwenye spana na subira aweza kuivua milango, boneti na mabawa yake akaivika vya mwenzake. Mpenzi wa Landrova hufurahia wepesi huo, na mwivi pia. Tena tazama ajabu hii: alumini ya bodi haishiki kutu kama chuma, ilhali chasisi iliyo chini yake, ambayo ni ya chuma cha pua, ndiyo inayoliwa na chumvi ya hewa ya bahari, na ndiyo iliyochapwa namba. Katika gari hili kinachodumu hakina jina, na chenye jina ndicho kinachooza.

Thamani ya jina hilo ilidhihirika katika kisa kimoja cha Marekani. Mwaka 1970, mjini Philadelphia, mwanafunzi mmoja aliamka asubuhi akakuta mahali alipoliegesha gari lake ni patupu. Lilikuwa Austin-Healey 3000 la mwaka 1967, gari dogo la Kiingereza la mbio na starehe, na usiku wake alikuwa amemtembeza ndani yake binti ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Akapiga ripoti polisi, akangoja, na ngoja ngoja ikawa miaka. Alioa, akahamia Texas, akazeeka. Ila hati ya gari na funguo zake hakuvitupa, na kila alipoona gari la aina ile alilitazama kwa jicho la mtu mwenye mali yake. Mwaka 2012, baada ya miaka 42, aliliona katika mnada wa intaneti gari mfano wa lake likiuzwa California. Akatoa hati aliyoitunza, akalinganisha namba moja baada ya moja, zikapatana zote.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha, kumbe ndipo yalipoanza. Katika daftari kuu la mali zilizoibwa ambalo FBI ililianzisha mwaka 1967, gari lake halikuwamo. Polisi walitafuta wasipate, kwa kuwa wakati wa kuandikisha wizi ule namba ya chasisi ilikuwa imeingizwa kwa makosa. Gari liliibwa mara ya pili, safari hii na kalamu. Ripoti ya asili ilipopatikana na namba kusahihishwa, polisi wa Los Angeles walilikamata gari, na mwenyewe akasafiri na mkewe kwenda kulichukua. Nimekifikiri kisa hiki mara nyingi, na kila mara fikira zangu hubaki kwa yule mwandishi asiyejulikana wa mwaka 1970, ambaye bila shaka hakukusudia ubaya, akafunga ukurasa wake na kwenda nyumbani.

Wahandisi waliitambua hatari ya kosa la namna hiyo. Tangu mwaka 1981 magari ya Marekani huchapwa namba yenye alama 17, kwa utaratibu ambao mataifa mengi yanaufuata. Herufi I, O na Q zimekatazwa kabisa, kwa kuwa macho huzichanganya na 1 na 0. Alama ya mwanzo hutaja nasaba: J ni Japani, W ni Ujerumani, S aghalabu ni Uingereza, na herufi za A hadi C zimetengwa kwa nchi za Afrika. Iliyo nzuri kupita zote ni alama ya tisa, ambayo haitaji kitu chochote cha gari, bali ni mlinzi wa zile nyingine. Kila herufi hupewa thamani ya tarakimu, kila tarakimu huzidishwa kwa uzito wa mahali pake, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo huandikwa pale; baki ikiwa 10, huandikwa X. Mwandishi akikosea tarakimu moja tu, hesabu inakataa, na kompyuta inampigia kelele kabla hajaondoka kitini. Lau gari la Philadelphia lingalikuwa na mlinzi huyo, mwenyewe huenda asingalizeeka akilingoja.

Lakini magari mengi yanayopita Chanika yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, nayo yalitengenezwa kwa soko la huko, ambako namba ni fupi: msimbo wa aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Mwenye Toyota Mark II, kwa mfano, huenda akasoma GX100 na tarakimu saba baada yake, na aghalabu ataikuta imechapwa katika ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Ni namba safi, rahisi kusomeka, ila haina mlinzi ndani yake. Kosa la kalamu likiingia katika kadi au katika kitabu cha kituo cha polisi, hukaa humo kimya.

Mwivi ajuaye haya huchukua tupa au mashine ya kusagia akaifuta namba, kisha akachapa nyingine, pengine ya gari la aina ile ile lililoharibika katika ajali na ambalo kadi yake yeye ameipata. Kwa macho, kazi imekamilika. Ila chuma kina tabia asiyoiona. Ndani ya chuma cha pua mna chembe za fuwele zilizopangana, na nyundo inapoupiga muhuri wa tarakimu, chembe zilizo chini yake hubanwa na kupindana, na mbano huo hushuka chini kupita kina cha alama inayoonekana. Tupa huondoa alama. Mbano hubaki umelala humo. Mtaalamu wa maabara hulisugua bamba kwa msasa laini mpaka ling'ae, kisha hulipangusa kwa pamba iliyochovywa katika asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na kloridi ya shaba, chumvi iliyo na udugu na mrututu waliotumia wazee wetu kutibu vidonda. Mchanganyiko huo huitwa kwa jina la Fry, Mjerumani aliyeutumia katika miaka ya 1920 kuchunguza chuma kilichokazwa. Asidi haili sawasawa chuma kilichobanwa na kile kilichotulia. Basi juu ya bamba lililo tupu, polepole, pangusa baada ya pangusa, huinuka kivuli cha tarakimu iliyofutwa, wakati mwingine kwa nukta chache tu kisha kikatoweka, kwa hiyo kamera lazima iwe tayari. Nijualo mimi katika sanaa za upelelezi, hapana linalonistaajabisha kama hili. Moto ndio adui yake wa hakika, kwa maana chuma kikipashwa sana chembe zake hujipanga upya na mbano ukaondoka. Na msagaji akishuka mno hupita hata pale mbano ulipokomea.

Wala bahari haizuii gari lililoibwa kufuatiliwa. Mwaka 2015 gari moja la Lexus liliibwa Uingereza likiwa na chombo cha ufuatiliaji ambacho wezi hawakukitambua, na wapelelezi wakalifuata kutoka bandari ya Le Havre, Ufaransa, hadi Oman, kutoka Oman hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi Uganda, ambako yalikutwa pia magari mengine yaliyoibwa. Msomaji atatambua kwamba sehemu ya njia hiyo ni ile ile ya majahazi ya kaskazi. Chombo cha ufuatiliaji kilionyesha mahali. Ila kwa kuthibitisha kila gari ni la nani, hapana budi kurejea kwenye namba, na kuiuliza hazina ya Interpol yenye habari za mamilioni ya magari yaliyoibwa.

Siku moja katika gereji mojawapo ya Chanika nilimkuta mzee mwenye Landrova 109 ya miaka ya sitini, gari alilolitunza kuliko nyumba, akiwa amefadhaika kwa sababu kadi yake ya zamani ilikuwa imefifia, na tarakimu ya sita haikujulikana kama ni 3 au 8. Fundi alikuwa kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie namba ya chasisi."

Kijana alitandika gunia akajilaza upande wa kulia mbele, penye kikono cha chasisi kinachoshika springi, akapangusa tope na grisi ya miaka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alipoinyoshea mkono brashi ya waya, mzee alimzuia: "Brashi hapana, utanifutia." Basi akasugua chaki juu ya chuma, akamulika kwa simu kutoka ubavuni ili kila shimo litoe kivuli, na tarakimu nane zikajitokeza nyeupe, na herufi moja mwishoni.

"Ni nane, mzee."

"Una hakika?"

"Njoo uguse mwenyewe."

Mzee alivua kofia, akajilaza pale penye gunia, akapitisha ncha ya kidole juu ya tarakimu ya sita mara mbili, mara tatu, kisha akatoka na vumbi mgongoni, akaomba kalamu, na kuiandika namba yote katika daftari lake, akiitamka kwa sauti huku kijana akimwitikia kutoka chini ya gari. Walipomaliza, kijana akachota grisi mpya kwa kidole, akaipaka juu ya namba mpaka isionekane tena, ili chumvi ya pwani isije ikaila.